Kabla Hujamzika Mzee, Muulize Habari za Punda Wake

Wiki mbili zilizopita niliandikiwa na msomaji mmoja, mama wa watoto watatu, mzaliwa wa Mpeketoni anayeishi Nairobi. Baba yake ametimiza miaka 78 na kumbukumbu zimeanza kumtoka. Asubuhi ile alikuwa amemwita binti yake kwa jina la shangazi aliyefariki zamani. "Dadangu," aliniandikia, "nataka tuandike kijitabu cha familia kabla mambo hayajaharibika. Lakini kila nikimuuliza mzee habari za maisha yake, ananiambia hana la kusimulia, yeye alilima tu. Nianzie wapi?"

Nilimjibu kwa maneno manne: muulize habari za ng'ombe.

Siku ya tatu akaniletea majibu. Mzee alizungumza saa nzima bila kupumzika. Kumbe walikuwa na ng'ombe aliyejua kusukuma komeo la zizi kwa ulimi. Usiku alikuwa akitoka, anakwenda shamba la jirani, anakula mahindi, kisha anarudi kabla ya alfajiri na kulala mahali pake. Jirani alikesha siku nne na rungu akimvizia kiboko wa Ziwa Kenyatta, maana nani angemdhania ng'ombe wa mwenzake aliyelala zizini kwa heshima zote? Na katika hadithi hiyo ya ng'ombe yakatoka mengine: jinsi walivyofika Mpeketoni, nani aliwapa mbegu ya kwanza, nani walimzika mwaka wa njaa. Mzee aliyesema hana la kusimulia!

Nimefurahi sana, wala sifichi kwamba nimejivunia. Najua wengi mnaosoma hapa mna nia kama ya dada huyu. Mnataka wajukuu wenu wajue walikotoka, mnataka kuandika, na mnaogopa kuchelewa. Kwa hiyo leo nataka niwaeleze nimejuaje kwamba mlango wa kumfikia mzee ni mnyama aliyekaa naye. Sikusoma popote. Nimejifunza kwa kuchelewa, na kuchelewa kwenyewe kunaniuma mpaka leo.

Sisi ni watu wa Lamu, mtaa wa Langoni, na nyumba yetu ilikula kwa punda. Baba alikuwa na punda wanne. Kila kilichoshushwa gatini, mchanga, chokaa, saruji, mawe ya matumbawe yaliyochongwa Maweni kule kisiwa cha Manda, kilipakiwa kwenye mashogi, yale makapu ya mgongoni mwa punda, na kupelekwa kwa mwenye kujenga. Asiyeijua Lamu ajue kwamba kuna vichochoro ukinyoosha mikono miwili unagusa kuta za pande zote. Gari halipiti, na mkokoteni nao ukifika penye ngazi umekwama. Bila punda hakuna nyumba ya ghorofa iliyosimama katika mji ule.

Lakini shuleni tuliitwa wana wa punda. Nina miaka arobaini na mitatu, nina watoto wanaonizidi kimo, na bado nikilikumbuka jina lile kifua hunibana. Kulikuwa na msichana aliyekuwa akiziba pua nikikaa karibu naye. Mwaka 2001 UNESCO walipouingiza mji wetu katika orodha ya urithi wa dunia, wageni wakaanza kuja na kamera, na walichokuwa wakikipiga picha kwanza kilikuwa punda amesimama mbele ya mlango wa nakshi. Nilitamani kumtafuta msichana yule nimwonyeshe. Leo anajenga nyumba, na aliyempelekea mchanga wake ni kakangu.

Katika wale punda wanne mmoja alikuwa na makuu yake. Jina lake Bahati, dume, rangi ya majivu, na mstari mweusi umemkata mabegani. Bahati ukishamshusha mzigo humwongozi tena. Baba alikuwa akimpiga kofi dogo la kiuno, anamwambia, "Haya, kwenu," naye anashika njia peke yake, anapita sokoni, anakata kushoto, anapisha wazee, mpaka nyumbani. Jua likikaribia kuchwa lazima awe amesimama mbele ya daka letu, kile kibaraza cha mlangoni, akingoja pumba na maganda ya maembe. Mama alikuwa akisema haja ya saa haipo, Bahati akifika ni kujaza taa mafuta na kutia udhu.

Sasa nisikilizeni. Mwaka 1994 dadangu mkubwa aliposwa. Waliokuja kuposa walikuwa watu wa Mkomani, nyumba kubwa ya mawe, watu wenye jina. Kwetu ilikuwa kama ndoto. Mama aliosha daka mara tatu, akafukiza udi, akatandika mikeka mipya juu ya barza, akaazima vikombe vya kahawa kwa jirani. Wazee watano wakaja baada ya alasiri. Msemaji wao alikuwa ami yake bwana harusi, mzee mrefu wa kanzu nyeupe na joho, kichwani kofia ya vito ya kushonwa kwa mkono, ile kazi ya miezi. Alikuwa amejipaka mafuta ya waridi, harufu ilifika mpaka ndani tulikojibanza sisi wanawake nyuma ya mlango.

Kahawa ikanyweka, halwa ikaliwa, mzee akaanza. Akahimidi, akaswalia Mtume, akafika pale pa kusema wamekuja kuomba. Na Bahati naye akafika.

Kosa lilikuwa letu, si lake. Ilikuwa saa yake, na mahali alipokuwa akiwekewa pumba pamekaliwa na wageni. Akasimama mbele ya daka akiwatazama. Baba akasema kwa sauti ya chini, "Mwateni, takwenda," yaani mwacheni, atakwenda. Hakwenda. Alipanda kidaraja kile cha kwanza, akanyoosha shingo, akaanza kunusa mabega ya ami yake bwana harusi. Mzee hakukatiza maneno yake, na kwa hilo namheshimu mpaka leo, aliendelea na kuomba huku pua ya punda iko sikioni. Kisha Bahati akainua mdomo, akaishika ile kofia kwa meno, polepole, kama mtu anayechuma tunda. Akaanza kutafuna.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nakumbuka kichwa cha mzee kiking'aa, na nakumbuka mlio wa meno. Hakuna aliyecheka. Dada alijifunika leso usoni akalia. Baba akainuka, akaivua kofia yake mwenyewe, akamvisha mgeni kwa mikono miwili, naye akabaki kichwa wazi mbele ya wazee wa posa. Kisha akamshika Bahati sikio, akampeleka uani. Hakumpiga. Mzee akasema, "Tuendelee," wakaendelea, posa ikakubaliwa, wakaaga wakaenda zao.

Arusi ilifanyika na dada akahamia Mkomani. Lakini mamangu hakuwa yule yule. Alishika moyoni kwamba watu wale walimchukua mkwe kwa kuwa neno lilishatoka mdomoni, na kwamba kila wakituona wanaona punda. Akienda kwa dada alikuwa hapandi ghorofani. Atasimama chini, aulize hali, atoe sahani ya vitumbua, arudi. Eid alitutuma sisi. Wajukuu wanne walizaliwa kule na yeye alihudhuria arubaini zao akikaa karibu na mlango. Hadithi ya Bahati na kofia ilipigwa marufuku nyumbani kwetu. Kaka akiitaja, mama anainuka anakwenda jikoni. Baba alifariki 2011. Mama alifariki 2016. Miaka ishirini na miwili mama alikaa karibu na mlango.

Mwezi uliopita tumemwoza binti mkubwa wa dadangu. Nilisafiri kutoka Malindi siku nne kabla, tukawa jikoni tunamenya thomu na kuchambua mchele, wanawake kama ishirini juu ya mikeka, wa kwetu na wa kwao. Mtoto mmoja akauliza bibi arusi mama yake aliposwaje. Nikasema moyoni, mama hayupo tena, nani atakayeinuka? Nikaisimulia. Nikaisimulia yote, pua, mafuta ya waridi, meno. Watu walicheka mpaka mchele ukamwagika. Dada mwenyewe alicheka, mara ya kwanza namwona akicheka kwa jambo lile.

Pembeni alikuwa ameketi Bi mkubwa mmoja, mjane wa yule yule ami. Ana zaidi ya miaka themanini. Alingoja tunyamaze, akasema, "Mwanangu, umesimulia nusu."

Akatuambia kwamba mumewe alirudi usiku ule akiwa na kofia ndogo isiyomtosha, imekaa kichwani kama kifuniko cha buli. Aliketi kwenye ngazi za nyumba akaanza kutikisika mabega. Mkewe alidhani analia. Alikuwa akicheka, alicheka mpaka akashindwa kula. Akamwambia mkewe, "Tumeposa, na kofia yangu nimeitoa mahari." Kisha akasema nyumba ile ni ya watu, mwenye nyumba amevua kofia yake akanivisha mimi na mnyama wake hakumgusa. Na tangu siku hiyo, kila swala ya Eid mpaka alipofariki, alikwenda msikitini na ile kofia ya baba. Haikumtosha, naye hakuiacha.

Bi mkubwa akamtuma msichana kasha lake. Kofia ikaletwa jikoni imefungwa kwenye kitambaa cha hariri, inanukia udi. Niliijua kabla haijafunguliwa yote. Mishono ile ilikuwa ya mamangu. Aliishona miezi minne, usiku, kwa taa ya kandili, ili baba aivae Eid. Watu aliodhani wanamdharau walikuwa wameitunza kazi ya mkono wake kwenye kasha miaka yote hiyo.

Nikamuuliza Bi mkubwa mbona hakumwambia mama. Akasema, "Mamako hakuketi. Nilidhani yeye hatutaki sisi."

Nimeandika sentensi hiyo kwenye daftari na siwezi kuisoma bila kusimama kidogo. Kutoka Langoni mpaka Mkomani ni mwendo wa dakika kumi na tano. Jibu lilikuwa pale. Lingemfanya mamangu apande ngazi, akae na wajukuu wake, ale sahani moja na mkwewe. Na hakuna mmoja wetu aliyeuliza, kwa sababu ilikuwa hadithi ya punda, na hadithi za punda tuliziona aibu au upuuzi.

Ndugu zangu, msifanye hivyo! Uliza. Uliza upande wako na uulize upande wa pili, maana kila kisa cha mnyama kina watu wawili angalau, mwenye mnyama na aliyekutana naye. Wewe unacho cha mwenye mnyama. Nusu ya pili iko kwa jirani, kwa mkwe, kwa yule aliyeliwa mahindi. Nenda kabla hajazikwa.

Wapo watakaosema habari za mifugo ni za kuchekesha watoto. Mimi nasema mzee akiambiwa "nisimulie maisha yako" anaona amepelekwa mahakamani. Anaanza kupanga miaka, anaona hana cheo, hana safari ya Ulaya, ananyamaza. Lakini mwambie "yule beberu wenu mwenye pembe moja alikuwaje?" utaona mgongo unanyooka. Mnyama hana siasa wala hana urithi wa kugombaniwa. Kwa mnyama mzee anakuwa kijana tena bila kujua.

Amingu, mdogo wa baba, ana kisa chake cha Manda. Walitaka kumvusha Bahati kwenda Maweni akachukue mawe huko huko. Mashua ikafungwa gatini, maji yalikuwa yamekupwa, ubao umeinama kama paa. Bahati akaweka kwato moja kwenye ubao, akairudisha. Akasimama. Ami akamvuta kamba, mabaharia wawili wakamsukuma kiuno, watu wakajaa, kila mtu fundi. Ami, ambaye alikuwa ametoka msikitini na kanzu yake ya Ijumaa, akapanda mashuani ili avute kwa nguvu zaidi. Bahati hakuvutika, kamba ndiyo iliyokatika, na Ami akaingia baharini na kanzu, ikajaa upepo ikamwelea kama hema. Baba muda wote ameketi juu ya gunia anakula ndizi. Walipomtoa Ami, baba akasema tungojeni. Baada ya saa kadhaa maji yakajaa, ukingo wa mashua ukalingana na gati, Bahati akaingia mwenyewe kama mtu anayeingia chumbani kwake.

Ami akisimulia hilo huishia kwenye hasira, maana kanzu ilipotea rangi. Baba alikuwa akisimulia kwa jambo jingine. Alisema watu humwita punda mkaidi kwa sababu hawajui kwamba farasi akiogopa hukimbia na punda akiogopa husimama. Anasimama apate kufikiri. Ukimpiga wakati ule unamharibia hesabu. Kila mtu Lamu anajua methali ya asante ya punda ni mateke, na baba hakuipenda hata kidogo. Alisema aliyeitunga alimpiga punda kwanza. Tangu ile hospitali ya punda ya bure ilipofunguliwa Lamu mwaka 1987 na shirika la Uingereza liitwalo The Donkey Sanctuary, wapo vijana wengi wanaosema maneno kama ya baba, na mimi nikiwasikia naona fahari kwamba mzee wetu aliyasema akiwa na shogi begani. Bahati alipelekwa pale mara nyingi kupewa dawa ya minyoo, na mara moja kwa tumbo. Alikuwa amekula mifuko ya plastiki. Nilishukuru Agosti 2017 mifuko ile ilipopigwa marufuku nchini, ingawa yeye alishakufa miaka mitatu nyuma, mzee, kwa amani, uani kwetu.

Nimeolewa Malindi, ndani kidogo, upande wa Ganda, na huko hakuna punda wa kumtaja lakini kulikuwa na bata mzinga wa mama mkwe. Wiki yangu ya kwanza kama bibi arusi alinizuia chooni. Choo kiko nje, nimeingia asubuhi, nikifungua mlango yuko pale, amevimba, mbawa zinaburura chini, mkia umefunguka kama upepeo, sauti yake hiyo. Nafunga. Nafungua, yupo. Nilikaa mpaka jua likachoma mabati, naona haya kupiga kelele nyumba ya ukweni. Wifi yangu ndiye aliyekuja, akamfukuza kwa leso, kisha akaketi chini akacheka, na mama mkwe akacheka, na mashemeji wakaja kuuliza. Niliumia. Nililia usiku, nikamwambia mume wangu wamenidharau. Leo nikiwa na miaka kumi na minane katika nyumba ile najua kila bibi arusi aliyeingia kabla yangu alizuiwa na ndege yule au mama yake, na kwamba mama mkwe alianza kuniita "mwanangu" jioni ile ile. Lakini nisingemuuliza nisingejua. Nilimuuliza baada ya yale ya kofia. Nimekuwa mtu wa kuuliza sasa, nauliza mpaka wanangu wananiambia mama basi.

Mnataka mniambie mnafanyaje, kwa vitendo. Muulizeni mzee habari za mnyama mmoja, si za mifugo yote. Jina lake, rangi yake, alikuwa akifanya nini kilichowaudhi. Mkishauliza nyamazeni. Msimsahihishe mwaka, msimwambie "lakini shangazi alisema si hivyo", hilo mtalifuata kwa shangazi. Rekodini kwa simu, sauti tu inatosha, simu iwekwe chini ya leso asiione akaanza kusema kama mtangazaji, ila mwambieni mapema kwamba mnarekodi, kwa kuwa ni haki yake. Na usiku huo huo mwandike, kwa lugha yake. Kama ni Kiamu, lahaja yetu ya Lamu, iwe Kiamu. Mama yangu alikuwa akimwita Bahati "ndoo, ndoo," na siku mtoto wangu alipoliandika "njoo" nilimwambia futa. Narudia: rekodini. Nina sauti ya baba sekunde arobaini tu, kwenye simu ya zamani, anaagiza saruji.

Na fanyeni haraka kwa sababu hata wanyama wenyewe hawatakuwapo milele. Machinjio ya punda yalipofunguliwa hapa Kenya kwa ajili ya ngozi za kupelekwa Uchina, punda waliibwa usiku kutoka mazizini sehemu nyingi za nchi. Mwaka 2020 serikali ikapiga marufuku, mahakama ikaja ikaitengua, na mwaka 2024 Umoja wa Afrika ukakubaliana kusimamisha biashara hiyo ya ngozi. Tuombe idumu. Mtoto aliyekua bila kusikia punda akilia alfajiri utamwelezaje kwa nini babu yake hakuhitaji saa?

Lililobaki ni la kaka, na nilikuwa sitaki kuliandika bila idhini yake.

Mwaka 2003 kaka alimpanda Bahati kwenye mashindano ya punda. Mliohudhuria mnajua, ni pale pwani mbele ya mji, hakuna matandiko, ni kijana na mgongo wa punda, na mji mzima umesimama ukutani na juu ya mapaa. Kaka alifanya mazoezi miezi miwili. Alikuwa na miaka kumi na tisa na kulikuwa na mtu alitaka amwone akishinda, sisemi nani. Bahati alikuwa si kijana tena lakini siku ile aliruka. Walikuwa mbele. Wakapita gati, wako mbele, nasikia watu wanaita jina letu, jina letu halisi, si lile la shule. Na hapo wakafika kwenye mdomo wa kichochoro chetu. Jua lilikuwa linakaribia kuchwa.

Bahati akakata kona. Akaingia kichochoroni na kaka mgongoni, akaenda moja kwa moja mpaka dakani, akasimama kungoja pumba. Mama alikuwa amekwisha kuiweka.

Kaka hakusema na baba siku tisa. Hakupanda punda tena kwenye mashindano, na kila niliposema nataka kuandika kisa hiki aliniambia usithubutu. Miaka zaidi ya ishirini. Baada ya arusi ya mwezi uliopita, nilimpigia picha ile kofia nikampelekea, nikamwandikia: kaka, sitaki habari za kushindwa, niambie tu Bahati alikuwaje siku ile kabla ya kona.

Alikaa kimya siku nzima. Usiku wa saa tano ikaingia sauti yake, dakika kumi na nne. Nimeisikiliza mara tatu, na jana tuliisikiliza na watoto wake, ambao hawakuwahi kusikia hata neno moja. Anaanza kwa kukohoa. Kisha anasema, "Andika hivi. Tulikuwa mbele kwa urefu wa punda wawili."

Nimeandika.